Tai ya Bwana Harusi Si Mali ya Kamati

Wadau, kuna jambo limenikwama kooni kwa wiki kadhaa sasa. Gazetini hawawezi kunipa safu nzima niandike habari za tai (mhariri wangu ataniuliza kama nina homa), kwa hiyo nalimwaga hapa. Nalo ni fupi: bwana harusi aachiwe achague tai yake mwenyewe. Si kamati, si mpambaji wa ukumbi, si mama mdogo wa bibi harusi, si MC. Yeye.

Najua wapo watakaoguna. Nchi ina mambo chungu nzima, wewe mwandishi mzima unakaa kuandika tai? Ndiyo, nakaa. Mambo ya bajeti na ya halmashauri naandika Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi nipo kwenye harusi za watu, Jumapili nipo kwenye vikao vya harusi za watu, na huko ndiko nilikoona jinsi mwanamume anavyopoteza shingo yake taratibu, kikao kwa kikao, huku akitabasamu na kusema "sawa tu, hakuna shida".

Kwa asiyejua utaratibu wetu wa hapa Dar, kama yupo, mambo huenda hivi. Mtu akishamaliza shughuli za posa na mahari, inaundwa kamati. Kuna mwenyekiti, katibu, mhazini, halafu kamati ndogo ndogo za usafiri, chakula na vinywaji, mapambo. Kadi za michango zinasambazwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa, na kila Jumapili jioni watu wanakutana baa fulani kusomewa nani kaahidi nini na nani kapunguza deni. Kwenye kikao cha tatu au cha nne, kabla hata ukumbi haujalipiwa kianzio, linaibuka suala zito kuliko yote: rangi. Hapo ndipo utajua Kiswahili kina utajiri. Huyu anataka pichi na krimu. Yule anataka damu ya mzee na dhahabu. Wa tatu anataka "bluu, lakini siyo hii bluu ya kawaida, ile bluu nyingine". Watu wazima, wengine wana digrii mbili, wanapitisha simu mkono kwa mkono kwa dakika arobaini wakibishana kama zambarau ya picha hii ndiyo zambarau ya picha ile.

Rangi ikishapita imepita, kama muswada. Inashuka kwenye vitambaa vya meza, inashuka kwenye keki, kwenye maputo, kwenye sare za kamati, kwenye magauni ya wapambe, kwenye utepe wa gari. Mwisho kabisa, kama kituo cha mwisho cha daladala, inafika kwenye shingo ya bwana harusi. Hakuna aliyemwuliza. Anapewa mfuko wa nailoni siku tatu kabla ya harusi, ndani mna tai, leso ya mfuko wa kifuani, na maagizo kwamba asiichafue. Ukumbini mna viti mia nne, kila kimoja kimefungwa utepe mgongoni. Cha mia nne na moja ni yeye, tofauti ni kwamba utepe wake umefungwa mbele.

Sasa tuangalie hiyo tai yenyewe imetoka wapi, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mara nyingi kamati haiipati dukani. Rangi waliyoichagua haipo kwenye tai yoyote Kariakoo nzima, kwa sababu ni rangi ya kitambaa cha satini alichokiona dada fulani Mtaa wa Kongo. Kwa hiyo baada ya kukata magauni ya wapambe, masalio yanapelekwa kwa fundi: "Tushonee na tai tano humo humo." Fundi ni mtu hodari. Suruali anajua, gauni anajua, koti huenda anajua. Lakini tai ni kazi nyingine kabisa.

Nilipata kufuatilia jambo hili kidogo, ugonjwa wa kazi. Tai nzuri hukatwa mshazari, yaani kitambaa kinalazwa na mkasi unapita kwa pembe ya nyuzi 45 dhidi ya uzi wake. Aliyeufanya ukataji huo kuwa kanuni ni mtengeneza tai mmoja wa New York, Jesse Langsdorf, katika miaka ya 1920. Alikata mshazari, akagawa tai vipande vitatu, akaviunga. Faida yake utaiona kwa mikono yako. Tai iliyokatwa hivyo inavutika kidogo unapoifunga, na ukiifungua inarudi kama ilivyokuwa. Inaning'inia wima. Ndani yake kuna kitambaa kingine, aghalabu cha sufu, kinachoipa mwili, na nyuma imeshonwa kwa uzi mrefu uliolegezwa makusudi ili tai iweze kupumua unapoikaza. Ukataji wa mshazari unakula kitambaa vibaya sana. Masalio ya gauni hayatoshi. Basi fundi wetu afanyeje? Anakata wima kufuata uzi, anatia ndani ile karatasi ya kugandisha kola kwa pasi, anapiga cherehani moja kwa moja, anakukabidhi.

Matokeo yake tunayaona kila Jumamosi. Tai inajipinda kama mkia wa mjusi. Fundo halikai, kila baada ya robo saa msimamizi anainuka kumnyoosha mwenzake mbele ya watu. Na satini inang'aa, kwa hiyo mpiga picha akipiga flashi, katikati ya kifua cha bwana harusi panatokea mwali mweupe kama taa ya bodaboda. Picha hiyo ndiyo itakayotundikwa sebuleni miaka thelathini.

Nikisema hivi kwenye vikao naambiwa: lakini lazima mechi. Nani kasema? Hebu tujiulize hiyo lazima imetoka wapi. Haikutoka kwa mababu, maana mababu hawakuwa na tai. Ukiangalia huku kwetu Pwani, na Unguja na Pemba, bwana harusi wa Kiislamu anakwenda kufunga ndoa na kanzu, juu yake joho, kichwani kofia au kilemba, wakati mwingine na jambia kiunoni. Sijawahi kusikia kilemba kimelinganishwa na kitambaa cha meza. Joho ni joho. Likiwa jeusi lenye nakshi ya dhahabu linabaki hivyo hata kama shughuli nzima ni ya rangi ya pichi, na hakuna anayelalamika kwamba picha zimeharibika. Balaa linaanza pale pale bwana harusi huyo huyo anapovua joho na kuvaa suti kwa ajili ya tafrija ya jioni. Ghafla shingo yake inakuwa ya umma.

Haikutoka kwa wenye tai yao pia. Historia inasema vazi hili lilianzia kwa askari wa kukodiwa kutoka Croatia, waliokuwa wakipigania Ufaransa katika karne ya 17 wakiwa na vitambaa vilivyofungwa shingoni. Wafaransa wakavipenda, vikaingia hadi kwenye jumba la mfalme Louis XIV, na neno lao la tai, cravate, limetokana na jina la hao hao Wakroatia. Wenyewe Wakroatia wanajivunia mpaka leo. Kila tarehe 18 Oktoba wana siku ya tai, na mwaka 2003 waliuzungushia tai nyekundu yenye urefu wa mita 808 uwanja wa kale wa Waroma mjini Pula. (Kamati ya mapambo ya huko naomba ikae huko huko.) Mjanja mmoja atasema: unaona, tai ilianza kama sare! Sawa, lakini sare ya vita. Kama harusi ni vita, tuambiane mapema.

Na kuhusu wakubwa kuamua shingo za wadogo, jirani zetu wa Kongo wana la kusema. Mobutu alipoanza siasa zake za uasilia mwanzoni mwa miaka ya 1970, suti na tai vilionekana vazi la mkoloni. Mahali pake ikaja abacost, koti lisilo na tai, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "chini suti". Tai ilirudi kwa ruhusa Aprili 1990, siku ile ile alipotangaza kulegeza siasa ya chama kimoja. Hebu fikiria uzito wake: vyama na tai kwenye hotuba moja. Sisemi kamati ya harusi ni Mobutu. Ila Mobutu aliikataza tai tu. Hakukaa Jumapili jioni kumchagulia mtu na rangi yake.

Hapa kwetu wazee wetu wengi wa enzi za baada ya Azimio la Arusha la 1967 waliishi na suti za mtindo wa Chou En-lai na baadaye za Kaunda, ambazo hazina habari ya tai. Mwenye tai alikuwa nayo moja, na akioa alioa nayo hiyo hiyo. Swali la rangi halikuwepo kwa sababu swali la kwanza lilikuwa tai iko wapi.

Ndiyo maana nimeamua kuandika leo. Mshikaji wangu anaoa wiki tano zijazo, na mimi ndiye katibu wa kamati yake. Ni kitinda mimba katika nyumba ya mwalimu wa shule ya msingi. Mzee alifariki mwenzetu akiwa kidato cha pili. Aliacha vitu vichache: baiskeli, rafu ya vitabu, na tai moja. Tai hiyo ni ya hariri, kahawia iliyoiva yenye vidoa vidogo vya rangi ya maziwa, pana kama sentimita 11 hivi, mtindo wa miaka ya 1970 uliokuwa umepitwa hata siku mzee alipoifunga. Aliinunua mtumbani katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa na marobota yakaanza kuingia kwa wingi. Akafungia ndoa. Mama ameitunza kwenye sanduku na naftalini, na mwezi uliopita akaitoa akampa mwanawe bila kusema kitu. Mshikaji akaja nayo kwenye kikao akiwa ameikunja kwenye gazeti (siyo letu, nilikagua), akasema angependa kuvaa hii.

Rangi ya harusi ni zambarau na fedha. Ilishapita.

Mwenyekiti wetu, mtu mwema kabisa, akaishika ile tai kama mtu anayeshika samaki aliyelala. Dada wa mapambo akasema itaua picha. Mjomba mmoja akapendekeza aivae nyumbani asubuhi wakati wa kuaga, halafu aivue kabla ya kwenda kanisani. Kuna aliyeshauri waikunje waiweke mfukoni "kama baraka". Wakapiga kura. Kura za zambarau zilikuwa tisa, za kahawia mbili, yangu na ya mhazini, ambaye nadhani aliona kwamba tai ya bure inapunguza matumizi. Bwana harusi mwenyewe hakupiga kura, kwa sababu kwa mujibu wa taratibu yeye si mjumbe. Alikaa pembeni na soda yake akasema sawa tu, hakuna shida.

Kuna shida. Mtu ambaye baba yake hatakuwepo siku hiyo anataka kitu kimoja cha baba yake kiwepo, nacho kina urefu wa mita moja na nusu na uzito usiozidi wa kipande cha sabuni. Anaambiwa hapana kwa sababu hakilingani na maputo. Maputo yenyewe saa saba usiku yatakuwa yamepasuliwa na watoto.

Nimeambiwa nawadharau wachangiaji. Watu wametoa pesa zao, wana haki ya kuona shughuli iliyopangika. Nakubali nusu. Mchangiaji ana haki ya kula akashiba, kupata kinywaji, kukaa kwenye kiti kisichotikisika, na kusomewa mapato na matumizi. Mimi mwenyewe nachangia kila mwezi mpaka mshahara unaniangalia kwa huruma. Lakini sijawahi kutoka harusini nikasikia mtu kwenye teksi akisema: pilau ilikuwa sawa, ila tai ya bwana harusi haikuendana na vitambaa. Wanaosema hivyo ni kamati peke yao. Na ajabu ni kwamba bibi harusi, ambaye sote tunadai tunalinda siku yake, hakuwahi kuulizwa. Nilimpigia simu Jumatatu. Akauliza, "Ile ya baba mkwe? Sasa si ndiyo avae hiyo?" Nimeiandika kwenye kumbukumbu za kikao, na kikao kijacho nitaisoma kwa sauti.

Wakati nikisubiri kikao hicho, acha niseme tai ya harusi inachaguliwaje pale mtu anapoachiwa achague, maana uhuru bila maarifa nao una maafa yake. Nimewaona wanaume walioachiwa wakatoka na tai yenye picha ya Mickey Mouse.

Kabla ya tai tazama kola. Nusu ya tai mbaya tunazoziona ni shati baya. Shati limeandikwa 17, shingo ni 15, tai inakazwa ili izibe pengo, kola inafanya mikunjo kama mdomo wa kiroba. Funga kifungo cha juu kwanza. Vidole viwili vikipita kati ya kola na shingo, basi. Vikipita vinne, rudisha. Na kama gauni la bibi harusi ni la rangi ya krimu, usivae shati jeupe la kung'aa, kwa sababu mkisimama pamoja gauni lake litaonekana limefuliwa vibaya. Hili la shati na gauni ndilo linalohitaji kulinganishwa, na cha kushangaza ndilo ambalo kamati hazilijadili kabisa.

Upana wa tai unaangaliana na kola ya koti, ile iliyokunjwa kifuani. Kola nyembamba na tai pana vinagombana. Kola pana na tai ya sentimita 5 utafikiri mtu kabandikwa rula. Urefu nao ni suala. Tai nyingi za dukani zina kama sentimita 145 hadi 150, na ncha yake ukishafunga inatakiwa iguse bizimu ya mkanda. Mtu mrefu, au mwenye kitambi cha heshima, akipiga fundo kubwa la Windsor tai inaishia juu ya kitovu. Akifunga lile fundo la kawaida tulilofundishwa shuleni, la mzunguko mmoja, anaokoa urefu mwingi. Tena kwa taarifa yenu, Duke wa Windsor mwenyewe hakuwa akifunga fundo lenye jina lake. Alikuwa akishonewa tai nene, akafunga fundo la kawaida likatokea kubwa. Wanafizikia wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, walikaa wakapiga hesabu wakatoa mwaka 1999 kitabu cha njia 85 za kufunga tai. Bwana harusi anahitaji moja. Aijue vizuri, aifunge kila asubuhi kwa wiki nzima kabla ya siku yenyewe, kwa sababu asubuhi ya harusi mikono inatetemeka na wote chumbani ni wataalamu.

Hapa niseme neno kuhusu zile tai za zipu, ambazo fundo limeshafungwa kiwandani na wewe unapandisha tu kama suruali. Kwa mtoto wa darasa la pili ni uvumbuzi mkubwa. Kwa mwanamume anayekwenda kuapa mbele ya umati kwamba ataweza kubeba nyumba, jamani.

Rangi. Usiichague chini ya taa za dukani. Kariakoo wenye maduka wamejaa kwenye vichochoro, taa ni nyeupe saa sita mchana, kijani inaonekana bluu na bluu inaonekana nyeusi. Toka nayo mlangoni uitazame juani (mwachie muuzaji simu yako kama hana imani). Iweke karibu na uso wako, si karibu na kitambaa cha meza. Sisi watu weusi tumebarikiwa, rangi zilizoiva zinatukaa: damu ya mzee, kijani cha chupa, bluu ya usiku, kahawia ya kahawa, dhahabu iliyofifia. Rangi za pipi zinatuonea. Epuka mistari myembamba iliyobanana. Wenzangu wa televisheni wanajua vizuri, kwenye video inachezacheza kama maji yanayochemka, na kila harusi siku hizi ina video. Na kumbuka ukumbini kuna zile taa zinazogeuka zambarau, pinki, kijani kila baada ya dakika mbili. Hivyo ile mechi iliyowagharimu watu dakika arobaini za kikao itaonekana kanisani na kwenye picha za ufukweni. Saa tatu usiku kila mtu ni zambarau, pamoja na mchungaji.

Kitambaa kikiwa cha hariri ni vizuri zaidi, na hariri si lazima iwe ghali. Pale Karume, mwenye subira anaichambua mitumba hadi anakutana na tai ya Kiitaliano iliyoshonwa kwa mkono, kwa bei ya chipsi kuku. Ishike ncha nyembamba uiache ining'inie. Ikizunguka yenyewe imekatwa vibaya, iache. Ikitulia wima, geuza nyuma utafute ule uzi mmoja uliolegezwa. Ukiupata, usibishane sana bei. Zile za boksi, zinazouzwa pamoja na leso na vifungo vya mikono, nyingi ni poliesta. Si dhambi, ila zina joto, na mwezi wa kumi na mbili hapa Dar huhitaji joto la nyongeza. Pasi ya moto inaziyeyusha, kwa hiyo dobi aonywe.

Kwa bajeti, naomba tu tulinganishe. Suti inakodiwa kwa siku moja, inarudishwa Jumatatu. Viatu vinabana, vinakwenda chini ya kitanda. Tai ukiinunua vizuri ndicho kitu pekee mwilini mwa bwana harusi ambacho anaweza kwenda nacho kazini Jumanne baada ya fungate, na kwenye usaili wa kazi mwaka ujao, na kwenye ubatizo wa mtoto. Ile ya satini ya zambarau itakwenda wapi? Nina rafiki anaifungia pazia la jikoni. Nimeiona.

Sasa kuhusu tai ya mzee. Kuna kikwazo kimoja cha kweli, na ni haki kukisema: sentimita 11 ni upana mkubwa kwa suti nyembamba za Kituruki zilizojaa mjini. Njia ziko mbili. Fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kufumua ule uzi wa nyuma, akakunja pande zote mbili, akapunguza kitambaa cha ndani, akashona upya kwa mkono hadi ibaki 9. Yupo mmoja Mwenge, mzee wa makamo, nilimpelekea aitazame. Aliivuta kidogo, akaiachia, akaitazama inavyorudi. Akasema anaweza, lakini akiulizwa yeye asingeigusa.

Njia ya pili ndiyo niliyompendekezea mshikaji, bila kusubiri kikao. Suti bado haijanunuliwa, kilicholipiwa mpaka sasa ni ukumbi na keki. Kwa hiyo Jumamosi hii asubuhi, kabla jua halijawa kali, tunashuka Kariakoo kutafuta koti lenye kola pana, la bluu ya usiku. Tai tunakwenda nayo, ipo kwenye begi langu, bado kwenye lile gazeti.